Profesa na Vigae Elfu Kumi Mia Nne na Vitatu

Hakuna namba iliyowahi kumshinda Profesa tangu azaliwe. Habari hizi zimetoka kwa Profesa mwenyewe, tena amezirudia mara nyingi, mbele ya watu na pasipo watu, kwa hiyo mwenye shaka ashindwe na alegee.

Profesa hakuwa profesa, mtu asije akadanganyika. Alikuwa fundi wa vigae, na kazi yake aliijua. Jina alijipa mwenyewe siku aliyosimama mlangoni kwenye bafu la mteja mmoja, akafumba jicho moja, akatamka, "Mia mbili na kumi na sita," na kweli vikaingia vigae mia mbili na kumi na sita, hakikuzidi hata kimoja. Mtu mwingine angeishukuru bahati yake akanyamaza. Yeye alirudi nyumbani akamtangazia mkewe kwamba kuanzia siku hiyo fundi hayupo tena, amebaki Profesa.

"Profesa atakula sasa hivi au baadaye?" mkewe akauliza.

Watu walipotaka kujua hesabu zake anaziandika wapi, maana kalamu hakuwa nayo, aligonga kofia yake kwa kidole akatabasamu. Kofia hiyo nayo ina habari zake. Kila Jumatatu, kabla ya kushika mwiko, alichukua karatasi yoyote kubwa iliyokuwa karibu, akaikunja mara saba, akapata kofia yenye ncha mbele na nyuma ya kuzuia jua na vumbi. Kofia moja, wiki moja. Aliikunja huku akipiga domo, bila kuitazama, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Kazini ndiyo hivyo. Nyumbani mambo yalikuwa mengine, na kinyozi hajinyoi. Sebuleni kwake vigae vilianza mlangoni kwa mbwembwe zote, vikapita kabati, vikafika chini ya kochi, vikakata tamaa. Kuanzia kochi mpaka dirishani ilikuwa saruji tupu, na huo ulikuwa mwaka wa sita. Mkewe akilalamika, Profesa alimweleza kwa upole kuwa ile si sakafu ambayo haijaisha, ule ni ubao wake wa kufanyia hesabu. Na kweli alikuwa na chaki kwenye kopo juu ya dirisha.

Ndipo mama mkwe akaja kukaa nao wiki mbili.

Mama mkwe alikuwa mfumaji wa masweta na mablanketi. Sindano zake mbili hazikulala, na maneno yake yalikuwa machache. Siku aliyofika alitembea juu ya vigae kutoka mlangoni, akafika kwenye kochi, akateremka kwenye saruji, akageuka kutazama alikotoka.

"Vimeishia hapa?"

"Kazi inaendelea, mama," Profesa akajibu, amekunja mikono kwa adabu.

"Tangu harusi?"

"Karibu na hapo, mama."

"Haya," akasema mama mkwe, akaketi, akatoa uzi wake.

Profesa angependelea atukanwe kuliko kuambiwa ile "haya." Ilimkaa kooni siku nzima. Kwa hiyo kazi ya maktaba ilipotokea, hakuiona kama kazi. Aliiona kama nafasi ya kumwonyesha mama mkwe kwamba binti yake hakuolewa na upepo. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili: kwanza ua wa maktaba, na ua ukipendeza, ukumbi mzima wa kusomea, kazi ya miezi mitatu. Ukumbi bado hajapewa, lakini Profesa alikuwa ameshamwambia mama mkwe kuwa ni wake.

"Haya," mama mkwe akasema.

Mkutubi wa maktaba ile alikuwa dada mmoja ambaye miaka mingi ya kukaa katikati ya wasomaji ilimfanya azungumze kwa kunong'ona. Alinong'ona akisalimia, alinong'ona akicheka, na akikasirika ndiyo alinong'ona zaidi. Jumatatu asubuhi alimpeleka Profesa uani, akamwonyesha maboksi yaliyopangwa ukutani.

"Fundi, hivi ni vigae vidogo, upana wa kiganja, vyeusi na vyeupe," akanong'ona. "Vimetengenezwa kwa ajili yetu, ni zawadi ya wasomaji wetu wa zamani. Tunataka mstatili mmoja hapa katikati ya nyasi, rangi zipishane kama ubao wa drafti. Kisikatwe hata kimoja. Kisibaki hata kimoja. Ijumaa saa nne kamati inakuja kuviona vimepangwa, kabla hujamwaga saruji. Wakiridhika, na ukumbi ni wako. Wasiporidhika, kuna fundi mwingine anasubiri."

"Huyo asisubiri sana, jua kali," Profesa akasema.

Mkutubi akampa karatasi nene iliyoviringishwa. "Mchoro huu hapa. Mchoraji ameandika kila kitu humu ndani. Ni huu mmoja tu, na mwenyewe amesafiri kwenda kumwona mjukuu wake. Simu yake huwa anaiwasha akitaka kupiga yeye."

Profesa aliupokea mchoro kwa vidole viwili. "Dada yangu, mchoro ni fimbo ya asiyeona. Mimi hesabu ninazo hapa." Akagonga kichwa, ambacho asubuhi ile kilikuwa bado hakijavaa kofia.

Mkutubi aliporudi ndani, kazi ikaanza. Katika kila boksi palikuwa na karatasi nene nyeupe ya kukinga vigae visikwaruzane, na Profesa alizitoa akazirundika pembeni, mchoro ukiwa papo hapo. Alifungua, akahesabu, akamsimulia mlinzi wa getini habari za lile bafu la mia mbili na kumi na sita, akakunja kofia yake ya wiki, akaivaa, akaendelea. Ilikuwa kofia nzuri, ngumu, imesimama kama ya jenerali.

Alivihesabu vigae vyeusi vyote: elfu tano mia mbili na viwili. Vyeupe hakuvihesabu. Drafti ni nusu kwa nusu, mtu wa akili ahesabu mara mbili kwa nini? Akazidisha kwa mbili, akapata elfu kumi mia nne na nne, akafumba jicho moja, na jicho lililobaki likaona maajabu: mia moja na mbili mara mia moja na mbili! Mraba kamili, pande zote sawa. Alifurahi mpaka akajipigia makofi.

Jumanne asubuhi akaona si vibaya kuutupia mchoro jicho, kwa heshima tu. Hakuuona. Akafunua karatasi zote za kwenye rundo, moja baada ya nyingine, zote nyeupe pande zote mbili. Akatazama kwenye mkoba wa zana, chini ya mifuko ya saruji, nyuma ya pipa la maji. Alirudi nyumbani mbio, akainua godoro, akaomba radhi, akapekua hata kikapu cha uzi cha mama mkwe.

"Umepoteza nini, baba?" mama mkwe akamuuliza.

"Sijapoteza kitu, mama. Nahakikisha."

Aliporudi kazini, mkutubi alikuwa dirishani. "Mchoro unao, fundi?"

Sasa hapo ndipo mtu mwingine angesema ukweli, akaaibika kidogo, mambo yakaisha. Lakini atasemaje, yeye aliyeuita mchoro fimbo ya asiyeona? "Ninao, dada," Profesa akajibu. "Uko karibu nami kabisa. Siuachi." Moyo ulimdunda, lakini akajifariji kwamba mraba anao, na mwenye mraba hahitaji mchoro.

Siku mbili alitambaa kwa magoti. Alipanga safu ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka kulia kurudi kushoto, kama jembe linavyokwenda na kurudi shambani. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Ukilala usiku unaviona. Jumatano alasiri aliingia safu ya mia moja na mbili, ya mwisho, akitokea kulia. Alipofika pembeni kabisa, penye nafasi ya kigae kimoja cheupe, akanyoosha mkono nyuma kwenye boksi. Mkono ukagusa boksi.

Akatazama. Boksi lilikuwa tupu. Mengine yote yalikuwa matupu. Palikuwa na mraba mkubwa, mzuri, unaong'aa, na kwenye pembe ya kushoto palikuwa na pengo kama jino lililong'olewa.

"Nimeibiwa," akasema Profesa.

Mtu anaiba kigae kimoja cha nini? Hilo hakujiuliza. Alimtazama mlinzi kwa jicho la upelelezi, kisha akakumbuka kuwa mkewe nyumbani huweka birika juu ya kigae. Akaenda nyumbani kwa miguu ya haraka, akaingia jikoni, akainua birika la moto kwa mkono mtupu, akalirudisha haraka zaidi. Kigae kilikuwa cha buluu, ni cha lile bafu ambalo eti hakikuzidi hata kimoja.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka sebuleni, "mume wako anapigana na birika."

"Muache, mama. Yuko kazini," mkewe akajibu.

Ikabidi amwendee mkutubi, vidole vimefungwa kitambaa. Alimweleza kwa sauti ya huzuni kwamba maktaba ina mwizi. Mkutubi alivuta droo, akatoa karatasi ya kupokelea mzigo, akamwekea mezani. Vigae vyeusi, elfu tano mia mbili na viwili. Vigae vyeupe, elfu tano mia mbili na kimoja.

"Hakuna kilichoibiwa, fundi. Vilikuja hivyo."

"Basi duka limetupunja."

"Duka limeleta tulichoagiza. Mchoraji alitaka hivyo hivyo, nyeusi izidi moja." Sauti yake ilishuka mpaka Profesa akalazimika kuinama. "Kwani mchoro unasemaje?"

"Mchoro, dada? Uko karibu nami kabisa. Siuachi."

"Basi ufuate," akanong'ona mkutubi.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Profesa alirudi nyumbani, akasukuma kochi, akashika chaki. Vigae elfu kumi mia nne na vitatu. Kama vinakaa mstatili, basi namba hiyo lazima igawanyike: safu kadhaa, kila safu vigae kadhaa, bila baki. Akatoa daftari lake la shule lililochakaa, ambalo nyuma ya jalada lilikuwa na orodha ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kuanzia mbili mpaka tisini na saba. Ukitaka kuivunja namba kubwa, hizo ndizo nyundo zake.

Akaanza kugonga. Mbili ikakataa, namba inaishia na tatu. Tatu ikakataa, tarakimu ukizijumlisha unapata nane. Tano haikuhitaji hata kuulizwa. Saba ilimtia jakamoyo, ikaenda vizuri, ikaenda vizuri, ikabakiza moja. Kumi na tatu ikabakiza tatu. Kumi na saba ndiyo ilimtesa kuliko zote, maana ilipungukiwa na kigae kimoja tu, kimoja kile kile! Saruji ilijaa chaki kutoka kochi mpaka dirishani. Chakula kikapoa. Mkewe akapita akiruka ruka juu ya kugawanya kwa arobaini na tatu.

"Profesa atakula leo au mwezi ujao?"

"Mke wangu, niko themanini na tisa. Usinisemeshe."

Tisini na saba, ya mwisho kwenye orodha, ikabakiza ishirini na nne. Profesa akaweka chaki chini. Uso ulimng'aa. Namba iliyopita nyundo zote ishirini na tano za kwenye daftari bila hata kupata ufa haivunjiki tena mpaka kiyama. Namba ni tasa! Kwa hiyo mstatili hauwezekani, kwa hiyo kosa ni la mchoraji, kwa hiyo mchoro wenyewe hauna faida, uwepo usiwepo. Alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Alhamisi asubuhi alivaa shati safi na ile kofia yake, akawaambia mkewe na mama mkwe wamfuate maktaba, wasije wakasimuliwa. Mkutubi alimpa mama mkwe kiti barazani. Mama mkwe akaketi, akatoa sindano, akaendelea na blanketi lake. Profesa akasimama mbele ya mraba wenye pengo, akakohoa kikohozi cha hotuba.

"Ndugu zangu, namba hii ni tasa."

"Ni nini?" akanong'ona mkutubi.

"Haigawanyiki, dada. Nimeigonga kwa kila chombo. Mchoraji wenu aliagiza vigae visivyoweza kukaa mstatili. Labda mstatili mmoja tu: vigae vyote kwenye safu moja, kimoja kimoja, vinyooke kutoka hapa mpaka vipite kilomita moja."

Mkutubi alitazama geti, kisha barabara, kama anayejaribu kuwaona wasomaji wake wameketi mmoja mmoja mpaka huko. "Kamati inakuja kesho, fundi. Nikiwaambia haiwezekani, watamleta yule mwingine ajaribu."

Hapo Profesa akaona ukumbi unamponyoka mbele ya mama mkwe, na mdomo wake, ambao haujawahi kuchelewa, ukatangulia. "Wamlete! Wamlete yeyote. Nasema mbele yenu: akitokea mtu akavipanga vigae hivi mstatili, bila kukata, bila kubakiza, mimi nitamchanganyia saruji mpaka kazi iishe, na jina la Profesa alichukue, na kila kinachokwenda nalo."

"Mume wangu," mkewe akasema, "ungeanza na kujaribu tena."

"Nijaribu nini? Imeisha. Kwenye daftari hakuna nyingine."

Barazani sindano zilinyamaza. Mama mkwe aliweka alama mahali alipofika, akashuka ngazi na blanketi mkononi. Akauzunguka mraba polepole, upande kwa upande, akasimama penye pengo.

"Uzi uliishia hapa," akasema.

"Hapo ndipo namba ilipokataa, mama."

"Mimi uzi ukiniishia mwisho wa safu silii. Safu hii ya mwisho ina vigae vingapi?"

"Mia moja na kimoja, mama. Ilitakiwa mia moja na viwili. Ndiyo msiba wenyewe."

"Ukiitoa yote, zitabaki safu ngapi?"

Profesa alifungua mdomo ajibu haraka, kisha akaufunga. "Mia moja," akasema, "na... moja."

"Basi ubavu una safu mia moja na moja, na hivi vigae ni mia moja na kimoja. Vitoe hapa chini, uvisimamishe ubavuni. Mbona vimeumbiwa pale?"

Mkewe ndiye aliyevua viatu kwanza, akachukua karai, akaanza kuokota. Profesa naye akapiga magoti, maana angefanya nini, akabeba kigae cha kwanza kuelekea upande wa kushoto.

"Siyo huko, baba," mama mkwe akasema. "Huko nyeusi itagusana na nyeusi. Upande ule wa kulia."

Akahamia kulia. Alipanga kutoka juu kwenda chini, nyeusi, nyeupe, nyeusi, na kadiri alivyoteremka ndivyo shingo ilivyozidi kuingia mabegani. Rangi zilikubaliana na majirani zao zote. Kigae cha mia moja na kimoja kilikuwa cheusi, na kilikuta nafasi moja tu inakisubiri, pembeni kabisa. Akakiweka. Karai lilikuwa tupu. Pengo halikuwepo. Pembe zote nne zilikuwa nyeusi.

"Ndiyo maana nyeusi zilizidi moja," mama mkwe akasema, akimwonyesha mkutubi blanketi lake la miraba. "Hata mimi nafanya hivyo. Ukitaka pembe nne zifanane, rangi ya pembeni huzidi moja. Aliyeagiza vigae hivi anajua kufuma, au mkewe anajua."

"Mia moja na moja kwa mia moja na tatu," akanong'ona mkutubi. "Fundi, ukizidisha inatoka elfu kumi mia nne na tatu?"

Profesa alifumba jicho moja, akalifumba na la pili. "Inatoka, dada."

"Na hiyo mia moja na moja," mkewe akauliza taratibu, "jana hukuijaribu?"

"Daftari liliishia tisini na saba."

"Na baada ya tisini na saba, namba tasa inayofuata ni ipi?"

Profesa alitafuta pa kutazama, akapata nyasi. "Mia moja na moja," akasema.

"Mbio za sakafuni," mkewe akasema, na hakuwa na haja ya kumalizia, kwa sababu mlinzi alimmalizia kutoka getini: "huishia ukingoni!"

Sasa ilibaki ahadi. Mama mkwe hakuidai, ndiyo ubaya wa watu wasiosema sana. Alirudi barazani kufuma. Profesa alisubiri kidogo aone kama watu wamesahau, akaona hawajasahau, akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Mama, jina ni lako."

"Nimelipokea, baba. Asante."

"Na kila kinachokwenda nalo," akakumbusha mkewe. "Mimi sijawahi kumwona Profesa bila kofia."

Profesa akavua kofia, akaitoa kwa mikono miwili. Mama mkwe akaijaribu, ikamshukia mpaka puani. Lakini yeye ni mtu wa kazi za mikono, hawezi kuona kitu kimemzidi akakivaa hivyo hivyo. Akaiweka mapajani ili aikunjue, aikunje upya kwa kipimo chake. Akafungua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tano akasita, akaisogeza karibu na macho. Akafungua wa sita na wa saba, akainyoosha juu ya goti.

Ndani, kwa wino wa buluu, palichorwa miraba midogo midogo, myeusi na myeupe, na mishale, na vipimo. Chini yake palikuwa na maandishi ya mkono ulionyooka. Mkutubi aliinama akayasoma, na kwa mara ya kwanza tangu maktaba ile ifunguliwe, alisoma kwa sauti:

"Safu mia moja na moja. Kila safu, vigae mia moja na vitatu. Pembe zote nne ziwe nyeusi. Tafadhali fundi asiupoteze mchoro huu."

Mkewe Profesa alikaa chini kwenye nyasi kwa kicheko. Mlinzi aliacha geti wazi akaja kuona. Profesa alipapasa kichwa chake kitupu mara mbili, kama kwamba huenda kuna kofia nyingine chini ya ile.

"Fundi," mkutubi akasema, na sauti ilikuwa imerudi kuwa mnong'ono, "mara mbili nilikuuliza mchoro uko wapi."

"Ndiyo, dada."

"Ukaniambia uko karibu nawe kabisa. Huuachi."

"Ndiyo, dada."

"Samahani. Mimi nilidhani unanidanganya."

Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Tangu Jumanne alikuwa akidanganya kwa jasho na mapigo ya moyo, na muda wote huo alikuwa anasema kweli tupu.

Jioni ile Profesa mpya alitoa amri yake ya kwanza. Kochi lilisogezwa, ndoo ya maji ikaletwa, na hesabu zote, kuanzia mbili mpaka tisini na saba, zikapigwa brashi mpaka saruji ikarudi rangi yake. Vigae vya kumalizia vilikuwepo siku zote, viko uvunguni mwa kitanda, vimefungwa kwenye gazeti la mwaka wa harusi. Fundi aliweka safu tatu kabla ya chakula. Mama mkwe alikuja akazikanyaga, akapima kwa unyayo, akasema, "Haya." Safari hii ilimwingia vizuri, na alipoinama tena alikuwa anatabasamu peke yake.

Ijumaa saa nne kasoro alikuwa nyuma ya maktaba, koleo mkononi, anachanganya mchanga na saruji kama alivyoahidi, kichwani amefunga leso. Hakuwa mnyonge. Kazi ilikuwa nzuri, vigae vilikuwa vimekaa, na ukumbi ulikuwa unanukia. Alikuwa ameanza hata kumweleza mlinzi kwamba, ukitazama kwa undani, ule mraba wa mia moja na mbili ndio uliomsaidia mama mkwe kuona jibu, na mraba ulikuwa wa nani?

Mlango wa maktaba ukafunguliwa. Watu wa kamati walisikika wakisogeza viti.

"Profesa!" mkutubi akaita kwa mnong'ono wake mkubwa kuliko yote. "Profesa, kamati imefika, wanataka maelezo."

Alitupa koleo. Akafuta mikono kwenye suruali, akavuta mabega, akakohoa kile kikohozi cha hotuba, na alikuwa ameshapiga hatua nne aliposikia nyuma yake mtu anaweka sindano mezani na kuinuka taratibu kwenye kiti.

"Siyo wewe, fundi," akanong'ona mkutubi. "Wewe endelea kuchanganya."